Kisanduku cha Februari

Kompyuta yangu haina huruma, wala haina fitina.
Inasema tu: Bi Bogumiła, vidonge thelathini,
vilichukuliwa tarehe nne Januari.
Leo ni tarehe kumi na tisa Machi.
Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Anaendesha tramu ipitayo mbele ya duka langu la dawa,
Mtaa wa Narutowicza, mjini Łódź,
ambako theluji ya mwisho ni nyeusi kama masizi
na abiria hawasalimiani kabla jua halijapanda.
Mimi hupanda kila asubuhi, kiti cha kwanza, nyuma yake.

Mwaka jana wote nilimwona shingo ikimwiva ghafla,
jasho likishuka hadi kwenye kola ya sare,
kisha mkono, tap! dirisha wazi,
na nje ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri.
"Bibie, utatuua!" alifoka mzee wa kofia ya manyoya.
Hakufunga.
Dawa ya moto ni moto, tunasema.
Hatusemi lolote juu ya dawa iwashayo moto wenyewe,
kila usiku, kwa nusu glasi ya maji.

Tangu Februari dirisha limefungwa.
Tramu ina joto la kitandani.
Mzee amevua kofia, anasinzia, amefurahi.
Peke yangu ndiye ninayetetemeka.

Siri ya mgonjwa haitoki nje ya kaunta;
nimeapa, na kiapo kimening'inia ukutani kwenye fremu.
Basi nikasema tu, tulipofika kituo cha soko,
"Leo tramu ina joto zuri."
Akanitazama kwenye kioo. Taa ikawa kijani, hakuondoka.
"Umeona," akasema.
Nyuma yetu gari likapiga honi.

Alikuja Aprili, mvua ikimdondoka mabegani.
"Usiandike kwamba nilisahau.
Sijasahau hata usiku mmoja. Kisanduku kiko juu ya friji,
kinanitazama nikikaanga mayai.
Nilitaka tu kulala
ndani ya mwili wangu, kabla haujawa wa hospitali.
Vidole vyangu, unaviona? Asubuhi haviwezi kufunga vifungo.
Titi walichukua siku moja, nikiwa usingizini.
Haya mengine wanayachukua nikiwa macho."

Ningemwambia nini?
Kwamba wanaoshuka njiani
hurudi wodini wengi kuliko wanaofika mwisho wa reli?
Analijua; lilikuwa kwenye karatasi ya daktari, kwa wino mzito.
Kwamba Krystyna, fundi saa wa ghorofa ya tatu,
hakukosa kidonge hata kimoja, akameza kwa saa na dakika,
na tukamzika Oktoba?
Hilo nililimeza mimi.
Dawa haiapi. Dawa inasogeza tu mizani kidogo,
na huioni ikisogea,
na siku usipougua hakuna wa kukupa mkono.

"Miaka mitano," akasema, "siku elfu moja mia nane na ishirini na sita.
Nimemeza mia sita na kumi na moja. Nilihesabu nikiwa kwenye foleni."
Dawa ya deni kulipa, nilitaka kusema, nikaona aibu:
deni hili hakulikopa yeye.
Nikampigia simu daktari wake badala ya kuongea.
Zikatajwa njia: kubadili aina, kubadili saa,
kitu cha kutuliza jasho, mazoezi ya viungo.
Hakuna aliyemwahidi usingizi.
Akachukua kisanduku. Hakuaga.

Asubuhi ya Mei, miti ya mtaani bado ina ubaridi wa usiku.
Nimekaa kiti changu, kahawa mkononi.
Kituo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya.
Karibu na kiwanda kikuukuu cha nguo
shingo yake ikaanza kuiva,
na mkono, tap!

Upepo ukaniingia hadi mbavuni.
Mzee akaanza kulaani.
Nikafunga vifungo vya koti langu, kimoja kimoja,
hadi kidevuni.